Boti ya Baba Inavuja Wapi

6 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumbani. Najua huko kambini kazini kwako simu hazishiki na barua zinakuja na lori la vyakula, kwa hiyo naandika yote kwa mpigo mmoja. Na wewe nijibu hivyo hivyo, usinipe majibu ya kudonoadonoa.

Baba anataka boti. Ndiyo, ile ile. Imekaa bandani tangu Mama alipotutoka, chini ya turubai, na kuku wa jirani wameifanya hospitali yao ya uzazi. Juzi tukiwa mezani aliweka kijiko chini akasema, "Nataka kwenda bwawani." Nikadhani ni utani. Kesho yake asubuhi nikamkuta bandani na gauni la kulalia la Mama mkononi, anafuta vumbi la makasia. Sikumuuliza gauni kalitoa wapi.

Nilimwita jirani mwenye pikapu, tukaivuta hadi bwawani kuijaribu. Yeye alipiga makasia, mimi nikakaa mbele, na mwili wangu unaujua. Hatukufika mbali. Maji yakaanza kunilamba vidole, halafu vifundo, jirani anacheka, mimi natukana kimoyomoyo. Yanaingia, lakini sioni yanapoingilia. Sakafu imeinuliwa na maji yanapita chini yake, unakuja kuyaona tu yakishajikusanya kwenye pua ya boti.

Nimemuuliza Baba. Kanijibu, "Mambo ya boti muulize Nahodha. Nilishamfundisha kila kitu, na kifua changu siku hizi hakitaki hotuba." Haya basi, Nahodha, nakuuliza. Zile Jumapili mlipokuwa mnaondoka nyinyi wawili, mimi na Mama tulibaki ukingoni na kapu la chakula, tunawapungia mikono kama watu waliokuja kuaga meli. Mimi sikufundishwa hata kasia linashikwaje. Mimi naijua kamera, na wateja wanaotaka picha za pasipoti lakini upara usionekane.

Niambie pa kuanzia. Anauliza kila siku.

Dada yako


15 Machi

Dada mpendwa,

Nimefurahi kupata barua yako, hata wenzangu chumbani wameniuliza nacheka nini. Hao kuku wapelekee salamu.

Kuhusu boti, anza na pua. Kama maji yanaonekana mbele, basi tatizo liko mbele. Ukiangalia vizuri kwa nje utakuta nyufa nyembamba kama nywele kwenye faiba. Zikwangue kwa msasa mpaka pawe laini, futa vumbi, kisha paka rezini, ile gundi ya kuzibia faiba. Tabaka moja, acha likauke kabisa, halafu la pili. Usiharakishe. Kazi ya rezini ikiharakishwa inabanduka kama ngozi iliyoungua, na itabidi uanze upya.

Nakuonya jambo moja. Watatokea wajuaji watakaokuambia uijaze maji ikiwa nchi kavu ili uone inatokea wapi. Usikubali. Boti kuukuu kama ile tumbo lake halitahimili uzito, litapasuka, na Baba hatakusamehe.

Mwambie Baba avute subira. Kwani bwawa linahama?

Mdogo wako


2 Aprili

Nahodha,

Nimeona nikuandikie mwenyewe. Mwandiko wangu usiucheke, nimeegemea mto na daftari liko magotini. Siku hizi nalala nimeketi, kama mlinzi wa ghala. Nikijinyoosha kifua kinajaa.

Ulipokuja likizo daktari alituambia mimi na wewe, mlango ukiwa umefungwa. Moyo umechoka, na dawa ni za kuubembeleza tu. Siku ile nilikuomba mambo mawili. La kwanza, usimwambie dada yako. Akijua atanifanya mgonjwa kabla ugonjwa wenyewe haujanifika. Alimuuguza mama yenu, akaja akaachwa na yule bwana, na sasa ndiyo kwanza studio yake imeanza kuchangamka. Mwache apumue. La pili ni boti. Ukaniambia, "Baba, hilo niachie mimi." Nami nimekuachia, siingilii.

Sitaki kufia majini, usiogope. Nataka kukaa kitako mahali ambapo hakuna mtu atakayeniuliza nimekula nini.

Lakini mambo hayaendi. Kutoka kitini pangu nasikia msasa tu, kwaru kwaru, halafu kimya cha siku kadhaa. Nikimuuliza ananiambia bado haijakauka. Kitu gani hicho kisichokauka? Nakuuliza wewe maana yeye simwelewi. Anaikwepa kazi hii? Au hujampa maelekezo yote? Sina muda wa kutupa, na wewe peke yako ndiye unayelijua hilo.

Baba yako


11 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nakuombea nafuu.

Maelekezo yote nimempa dada, kamili, kama ulivyonifundisha. Nadhani studio imembana, na wewe unajua kazi hii haijawahi kuwa ya moyoni mwake. Usimgombeze. Nitamhimiza. Pumzika, meza dawa zako, boti itakuwa tayari tu.

Lile lingine nimelitunza.

Mwanao


26 Aprili

Mdogo wangu,

Pua imekwisha. Nimekwangua mpaka kucha zangu zimekuwa za fundi gereji. Bibi harusi mmoja aliyekuja kupigwa picha aliniangalia mikono akaniuliza kama studio nimeiuza. Nikapaka tabaka la kwanza, nikangoja. Mvua ikanyesha, nikangoja tena. Nikapaka la pili. Nimeifunga studio siku ambazo nisingeifunga, wateja wakaenda kwa yule kijana wa barabarani anayewafanya watu wote wawe na rangi ya karoti.

Jumapili tukaipeleka. Safari hii Baba alikuja. Alivaa kofia yake ya jua na shati la mikono mirefu, akakaa mbele kwenye pikapu, makasia ameyapakata. Nilimwambia, "Ngoja kwanza tuijaribu." Tukaishusha majini. Nikakaa palepale mbele ili niuone ushindi wangu kwa karibu. Maji yakaja. Yalikuja vilevile, wala hayakuona haya.

Tukairudisha. Baba hakushuka garini. Jirani alijaribu kupiga soga njiani, akakata tamaa akawasha redio.

Na nyumbani hali si nzuri. Baba amekuwa mgumu. Chakula anakisukuma. Nimebadilisha mapishi, nimeongeza chumvi, nimeongeza ndimu, anaonja kijiko kimoja anasema, "Ahsante, nimeshiba." Jana nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Kama unasusa kwa sababu ya boti, sema, usinitese kwa sahani." Akasema, "Wewe hujui kitu, mama." Akaenda chumbani, akipumzika kwa kushika ukuta kila hatua chache, nami nikadhani anafanya hivyo kunionyesha mimi kwamba amezeeka na simjali.

Pua siyo. Sasa wapi?

Dada yako


5 Mei

Dada mpendwa,

Pole sana. Hizi boti zina hila zake. Kama si pua basi ni mkuku, ule uti wa chini. Ukitaka kuufikia lazima uipindue boti tumbo juu, kwa hiyo tafuta watu wa kukusaidia kuinua. Kagua urefu wote, kipande kwa kipande. Na kabla ya kugusa chochote acha faiba ikauke kabisa. Kwa mvua hizo, hata mwezi si mwingi.

Usimjibu Baba vibaya. Uzee una mambo yake.

Mdogo wako


27 Mei

Mdogo wangu,

Naandika kwenye benchi la hospitali, kwa hiyo usitafute mistari iliyonyooka.

Baba alianguka kwenye korido. Nilikuwa bandani na majirani, tumeipindua boti yako tumbo juu, nimelala chini ya mkuku na tochi natafuta kisichokuwepo. Nilisikia kishindo nikadhani kuku wameangusha ndoo. Nilimkuta midomo imegeuka rangi.

Daktari alipomaliza kumhudumia akaniita pembeni. Akaniuliza, "Chumvi mliacha lini?" Nikamuuliza chumvi gani. Akanitazama kama vile mimi ndiye mgonjwa. Akasema, "Si nilimweleza mdogo wako? Hapa hapa, tukiwa na mzee mwenyewe. Akaniambia nyumbani atawaeleza yeye."

Miguu ilivimba, nikamnunulia viatu vikubwa zaidi. Alilala ameketi, nikamwambia ataharibu shingo. Alisukuma sahani, nikamwongezea chumvi. Unanielewa? Mkono huu huu. Alikuwa anajaribu kunikwepa kwa upole na mimi namfuata na kijiko. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema. Hapa maradhi yameniumbua mimi niliyekuwa sijui.

Subiri, sijamaliza, hilo ni la kwanza tu.

Jioni aliamka akaniuliza boti imefika wapi. Nikamwambia tumeipindua tunakagua mkuku. Akakunja uso. Akaniuliza, "Ulipoijaza maji, ilitokea wapi?"

Nikamwambia sijaijaza.

"Hujaijaza? Hicho si ndicho kitu cha kwanza? Unaiweka juu ya matofali, unamimina maji ndani kidogo kidogo, siyo kuifanya pipa, yafunike chini tu. Halafu unalala chini unatazama inalia wapi. Panapotoka ndipo panapoingia. Mwenzako nilimfundisha kabla hajaota ndevu, mpaka akawa ananiimbia. Hakukuambia?"

Nesi alikuwa anamfunga mpira wa presha mkononi. Uso wa Baba ulikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka na hataki kugeuka kuona nani anaingia. Mdogo wangu, alikuwa anaanza kuelewa. Nikamwahi. Nikamwambia, "Aliniambia, Baba. Mimi ndiye niliyepuuza. Niliogopa itapasuka."

Akavuta pumzi. Akageukia ukutani. "Basi," akasema. "Basi, mama."

Sasa nijibu wewe. Usinieleze mambo ya faiba. Ulijua, au hukujua?

Dada yako


4 Juni

Dada,

Nilijua.

Nisikilize kabla hujaichana hii barua. Baba alinikataza kukuambia, alinishika mkono mbele ya daktari. Nikavunje neno lake? Halafu akataka boti. Nilimuuliza daktari pembeni, akiwa majini itakuwaje. Akasema moyo ule unaweza kusimama popote, kitandani, sokoni, popote. Nikaona picha moja tu na haijanitoka mpaka leo. Wewe katikati ya bwawa, hujui kupiga makasia, umempakata Baba aliyekwisha kukata roho, unapiga kelele na hakuna anayesikia. Ungeniambia nini siku hiyo? Ungeniuliza kwa nini nilikuruhusu.

Ningemkatalia Baba boti, angevunjika moyo. Ningekukataza wewe, ungeuliza sababu, na kuhusu sababu nimefungwa mdomo. Nikaona bora kazi ichelewe. Nikadhani atachoka kuitaka, wazee huchoka. Niliwapenda nyote wawili kwa namna niliyoiweza, nikiwa mbali, na karatasi na kalamu tu.

Huko mbele ya Baba umenisitiri. Sikustahili.

Nakuomba kitu kimoja, usimpeleke bwawani. Nimeomba ruhusa kazini, msimamizi anasema mpaka mwisho wa mwezi. Nikifika tutaongea.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Tumerudi nyumbani. Baba yuko kitandani, mito mitatu mgongoni. Hawezi kufika hata mlangoni.

Picha yako ya katikati ya bwawa nimeiona, ni picha nzuri, na mimi ni mtu wa picha. Ila humo ndani umeniweka mimi, na hukuniuliza kama nataka kukaa hapo. Ningekubali. Ningejifunza makasia. Ningempakata. Ningepiga kelele, sawa, na nisipopata msaada ningenyamaza nikamrudisha ukingoni. Mbona Mama alifia mikononi mwangu na wewe ulikuwa kwenye mitihani? Sikufa.

Na usiniambie karatasi na kalamu tu. Hiyo kalamu ilimwandikia Baba kwamba studio imenibana na kazi hii haijawahi kuwa ya moyoni mwangu. Kaniambia mwenyewe, kwa upole, kwamba ananisamehe kwa kuwa ulinitetea. Kuchelewesha boti, hayo ni mapenzi, tuseme. Na kunichongea kwa baba ninayemwogesha ni mapenzi ya aina gani?

Nimeijaza maji. Niliiweka juu ya matofali kama alivyosema, nikamimina kwa ndoo, nikatia bluu ya kufulia ili nione vizuri. Nikalala chini. Haikupasuka. Mbele kote pakavu, pua uliyonikwangulisha wiki na wiki ni nzima kama yai. Ililia nyuma. Zile bolti zinazoshika kibao cha kufungia injini, mpira wake ulishaoza, bluu inatoka pembeni ya kila bolti. Na pale kizibo cha kutolea maji kinapokaa, fremu yake imelegea. Basi. Maji yalikuwa yanaingilia nyuma, yanapita chini ya sakafu, yanakuja mbele kwa sababu mbele nilikaa mimi mzito.

Nikafungua bolti, nikasugua matundu mpaka yakawa safi, nikayakausha kwa kitambaa na jua, nikapaka gundi ya boti, nikaweka mipira mipya na washa mpya, nikakaza. Fremu ya kizibo nayo hivyo hivyo. Kazi ya mchana mmoja, mdogo wangu. Nilikuwa nimemaliza kabla ya chai ya jioni. Nilikaa kwenye ndoo nikaitazama, nikalia mpaka jirani akaja kuuliza kama Baba ameshaondoka.

Jana tukaishusha majini. Nilikaa mbele, nikakaa nyuma, nikasimama katikati nikairukaruka kama kichaa. Imebaki kavu.

Nikarudi nikamwambia Baba. Tuliyoongea ni yangu, sikuandikii.

Usingoje mwisho wa mwezi. Mwambie huyo msimamizi chochote, uongo unaujua. Njoo.

Dada yako


9 Julai

Dada,

Nimerudi kambini. Hukunipa nafasi ya kuongea hata kidogo, nami sikulaumu. Nilifika kaburi limeshafukiwa, udongo bado una unyevu, na watu wananishika mkono wananiambia pole, mzee alikuwa anakutaja kila siku. Kila mmoja aliposema hivyo nilikutafuta wewe kwa macho. Ulikuwa unagawa vikombe. Ulinipa na mimi, ukaniuliza, "Sukari?" kama mgeni.

Jirani wa pikapu alinishika bega akasema, "Hongera kwa boti, dada yako kasema uliielekeza wewe." Kwa nini umewaambia hivyo?

Silali. Nikiwa kazini nakosea hesabu za vipuri, wamenionya. Nakuomba, dada yangu, wewe ndiye uliyenibakia, sina mwingine. Ile siku uliporudi kutoka bwawani ukamwambia boti haivuji, alisema nini? Alijua? Kama alijua na akanilaani, niambie nijue nina laana. Kama hakujua, niambie pia. Hiki ndicho kitu pekee ninachokihitaji kutoka nyumba ile. Nyumba, viwanja, vyombo, vyote ni vyako, sitadai.

Kama hutaki kuitunza boti, usiiuze kwa mgeni. Nitakuja kuichukua mimi. Wanangu nao wajifunze.

Mdogo wako


18 Julai

Mdogo wangu,

Boti njoo uichukue wakati wowote, ufunguo wa banda uko kwa jirani. Mimi sitakuwepo. Nimepata chumba karibu na studio na nimeshahamisha godoro.

Umeniuliza kwa nini niliwaambia watu kwamba ulielekeza wewe. Ni kwa sababu Baba alikuwa ameshawaambia. Kila aliyekuja kumjulia hali alimpa habari hiyo kabla hata ya kujibu salamu. Ningesimama pale msibani niseme marehemu alikosea?

Na umeniuliza alisema nini. Nilikuwa sitaki kukuambia. Lakini nimechoka kuwa mimi peke yangu ninayeyajua mambo ya nyumba hii, au mimi peke yangu nisiyeyajua. Basi sikiliza.

Nilimkuta macho. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, gauni langu limelowa hadi magotini. Nikamwambia, "Baba, hakuna hata tone." Akanishika mkono, akauangalia, kucha nyeusi na gundi imeganda kwenye vidole. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Akaniuliza ilikuwa inavuja wapi. Nikamwambia bolti za nyuma na kizibo. Akafumba macho, akasema, "Nyuma. Alikuambia nyuma, eh?"

Nikamwambia, "Aliniambia, Baba."

"Nilijua atajua. Yule ukimfundisha kitu hakisahau." Akapumzika. Kila sentensi ilikuwa mlima. Nikamwambia kesho tutawaita vijana wambebe na kiti, tumpeleke hata akae tu ndani yake ikiwa imefungwa ukingoni. Akatikisa kichwa. Akasema, "Kesho mimi siwezi, mama. Ilikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa nne pia ningeweza."

Nilikuwa na la kujibu, mdogo wangu, lilikuwa limejaa mdomoni. Ningesema jina lako moja tu yangeisha. Angenitazama mimi kwa yale macho aliyokuwa akikutazama wewe mkirudi kutoka bwawani. Nilitaka hilo maisha yangu yote na lilikuwa pale, karibu kama glasi ya maji. Lakini ningempa nini mkononi aondoke nacho? Mtoto mwongo. Ilibidi machoni pake abaki na mmoja, ama mimi mvivu ama wewe mwongo. Nikaona abaki na mvivu.

Akanipapasa vidole. Hakuwa na hasira tena, na hiyo ndiyo iliyoniua. Akasema, "Ungemsikiliza mwenzako tangu mwanzo, tungeshakwenda."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Akasema, "Mwandikie. Mwambie Nahodha kazi imekuwa nzuri. Mwambie Baba anashukuru."

Nikamwahidi nitakuambia.

Nimekuambia.

Dada yako